Bi Nukta na Kimya cha Rekodi ya Tisa

Kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu, yupo mchapaji ambaye wateja wamembandika jina la Bi Nukta. Jina limemkaa. Ukimpelekea barua anairekebisha kabla hujamweleza ni ya nini; ukianza sentensi, anayeimalizia ni yeye. Nyumbani ndiyo usiseme. Mama yake mzazi, anayeishi naye tangu magoti yaanze kumsumbua, akifungua kinywa tu kusema, "Ningependa ch—", chai imeshafika mezani. Huenda alitaka chumvi, nani ajuaye.

Sasa basi, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu akamletea rekodi kumi na mbili za mahojiano na wazee wanaoishi kwa watoto wao, azichape neno kwa neno. Bi Nukta alichapa nane za kwanza kwa siku tatu, na alijivunia kweli. Alifuta kila "mh", kila "yaani", kila kikohozi. Wazee wa watu wakatoka wanaongea kama wasoma taarifa ya habari, na wote, bila kubaki hata mmoja, wanaishi vizuri.

Msimamizi wa yule mwanafunzi akazirudisha zote. Mwanafunzi alikuja dukani uso umemshuka, akavuta kiti, akaeleza taratibu. Kuna watafiti wanaoamini ukweli ni mmoja, upo huko nje unasubiri kupimwa, kama sukari kwenye mizani. Hao kazi yao kuhesabu. Na kuna wanaoamini kwamba ukweli watu huutengeneza wenyewe katika kuishi kwao, kwa hiyo inabidi usikilizwe, na hata anayeuliza naye yumo humo humo. Yeye alikuwa wa kundi la pili.

"Kwa hiyo kila mtu na ukweli wake, kama mswaki?" Bi Nukta akauliza.

Mwanafunzi alicheka, akakiri kwamba ni karibu na hivyo. "Mzee akisema 'nzuri', na akisema 'mh, nzuri', hayo ni majibu mawili, dada. Wewe umeniachia moja. Na akinyamaza, andika amenyamaza sekunde ngapi."

Bi Nukta alinuna nusu siku. Mtu mzima na akili zake anaandika vikohozi! Hata hivyo akazirudia zote nane, safari hii na mh zake na yale ya pembeni aliyoyaruka mwanzo, na mzee mmoja aliyekuwa akiishi vizuri akageuka kuwa mtu anayelala sebuleni. Hapo kazi ikaanza kumnogea.

Rekodi ya tisa ndiyo iliyomshika pabaya. Mwanafunzi aliuliza hali ya maisha kwa mwanao ikoje. Kimya. Bi Nukta, macho kwenye saa ya kompyuta, akahesabu sekunde kumi na moja. Kisha sauti ya mama mmoja ikajibu, "Mh. Nzuri," ikacheka kidogo. "Ila usimwambie kama nimehojiwa. Atakuja anijibie."

Kicheko kile kilikuwa cha mama yake. Kidole chake kikaenda kwenye kibonye cha kufuta. Alitamani kuifuta ile "mh" kuliko kitu chochote alichowahi kufuta, na aliumia, aliumia hasa, kwa sababu ile chai alikuwa akiipeleka kwa mapenzi. Nani angejua? Lakini karatasi ya kutunza siri aliyotia sahihi alipopokea kazi ilisema ukitambua sauti, rekodi unairudisha. Akaizima, akampigia mwanafunzi simu, akamwambia ya tisa ampe mchapaji mwingine na asimuulize kwa nini.

"Na umwambie pale mwanzoni pana kimya," akaongeza. "Asikifute."

Jioni alimkuta mama dirishani anachambua mchele. Akaketi mbele yake, mikono mapajani.

"Mama, unaishije hapa kwangu?"

"Vizuri."

Siku zote angeinuka hapo hapo. Leo aliuma ulimi, akahesabu kimoyomoyo. Tano. Nane. Kumi na moja ikapita, na mama bado anachambua. Kufika kumi na tisa, mama akaweka ungo chini.

"Mimi chai," akasema polepole, "sijawahi kuipenda."

Bi Nukta akafungua kinywa ili amwambie anachopenda. Akakifunga. Mama alimtazama kwa mshangao, akasubiri kidogo kuhakikisha, kisha akaendelea.