Mkoba Usiopitisha Maji na Kamba ya Baba Shija

Bwana Mhariri, na wakubwa zangu wote mnaosoma ukurasa huu wa barua, salamu.

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu mbaya. Nimesoma hadi darasa la nne tu, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache. Barua hii imenichukua siku tano. Mahali nilipokosea herufi, Bwana Mhariri anisahihishie, lakini habari yenyewe aiache ilivyo, maana yote ni kweli na mimi ndiye niliyeyaona.

Mimi ni mtu wa haya. Mbele za watu sauti yangu haitoki, na ikitoka inakatika katikati. Ndiyo maana naandika.

Kwetu ni Samuye, Shinyanga. Kaka yangu Masanja alikuwa mrina asali. Kwetu miti mikubwa imebaki michache, kwa hiyo kila mwaka mvua zikikaribia kwisha tulikuwa tunakwenda magharibi, kwenye misitu ya upande wa Geita, tukapiga kambi kama miezi miwili tukitundika mizinga na kurina. Asali tuliiuza kwa watu wa machimbo. Nta tuliirudisha Shinyanga kwa wafanyabiashara.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Mti ukiwa mrefu na shina lake halina tawi karibu, tunatumia kamba ya ngozi ya ng'ombe. Inarushwa juu ya tawi. Ncha moja inafungwa kiunoni kwa anayepanda, ncha nyingine anaishika aliye chini. Kaka alipanda, mimi nilishika. Miaka minne tulifanya hivyo.

Kamba yetu ilisukwa na mzee mmoja hapo Samuye, Baba Shija. Yeye alikuwa akichagua ngozi mwenyewe, anaikata nyuzi, anaisuka nyuzi nne, anaipaka mafuta ya ng'ombe siku nyingi mpaka inakuwa laini kama ulimi. Kamba zake zilijulikana hadi Kolandoto na mbele ya hapo.

Mwaka huu ninaousimulia alitusukia mpya. Aliponikabidhi, kaka alikuwa amesimama mbali akizungumza na watu. Mzee akaniambia, "Luhende, wewe ndiye unayebeba. Ikilowa, itoe uianike kivulini, upepo uipige. Usiifungie mahali. Umesikia, ng'wanawane, mwanangu?"

Nikamjibu nimesikia. Na kweli nilisikia.

Vyombo vyetu vyote, yaani kamba, shoka dogo, mkanda na ndoo ya kuteremshia asali, tulivibeba kwenye mfuko uliofumwa kwa katani. Ulikuwa mfuko wa matundu matundu, kama wavu. Ulikuwa wa kaka tangu hajaoa. Safari hiyo, tulipokuwa tunakaribia Geita, ukachanika chini na shoka likaanguka njiani bila sisi kujua. Tulirudi nyuma nusu siku kulitafuta. Hatukulipata.

Kaka akasema, "Huu sasa ni wa kubebea maboga. Tutanunua mwingine, na safari hii utachagua wewe."

Nikamwuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu mgongo ni wako," akasema. "Mimi nikichagua, kila kilima utanung'unika kimoyomoyo, nami sipendi kunung'unikiwa na mtu nisiyemsikia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, kaka yangu. Alinitania, lakini katika utani wake alikuwa ananisukuma mbele kidogo, nizoee watu.

Tulipofika Kalangalala, hapo Geita, tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiuza vitu vilivyotumika, masufuria, makoti, viatu vya askari. Mtu wa maneno mazuri, baba yake wa pwani, mama yake wa huku huku. Akatutolea mikoba mitatu.

Wa kwanza ulikuwa gunia lililoshonwa mikanda. Nilivuta mshono, ukaachia.

Wa pili wa ngozi, umeshonwa na fundi viatu. Mzuri, lakini mzito hata ukiwa mtupu.

Wa tatu ulikuwa wa askari waliorudi vitani. Turubai nene, ndani umepakwa mpira, mdomo wake unakunjwa mara tatu na kufungwa kwa vifungo vya chuma. Nilipouona tu, nikaupenda.

Mwenye duka akachota maji akaumiminia ndani, akauning'iniza mlangoni. Tukasimama tukautazama. Halikudondoka hata tone.

"Mnaona?" akasema. "Huu umevuka mito huko Burma. Mwenyewe alirudi hana kidole, mkoba umerudi mzima."

Kaka akanitazama. "Haya bwana mkubwa. Sema."

Nikasema, "Huu."

"Sauti, bwana. Mwenye duka yuko pale, hayuko tumboni mwako."

Nikasema tena, "Nautaka huu." Wote wakacheka, nami nikacheka. Njiani kaka alimwambia kila tuliyekutana naye kwamba mdogo wake amechagua mkoba ambao utarithiwa na wajukuu. Sijawahi kusifiwa kwa kitu nilichochagua mwenyewe. Naandika hili ili mjue ilivyokuwa moyoni mwangu, maana huko mbele mtaniuliza kwa nini sikusema.

Tulikaa msituni wiki saba. Mvua zilikuwa hazijaisha, asubuhi majani yote yana umande. Jioni tukimaliza kazi, nilikunja kamba, nikaitia mkobani, nikafunga vile vifungo. Nilijiambia kwamba humo mvua haitaifikia. Nilikumbuka neno la Baba Shija, lakini nilidhani alilisema kwa sababu hakuwahi kuona mkoba kama huu.

Sasa najua jambo ambalo siku zile sikulijua. Ule mfuko wa katani, ambao tuliuona mbovu, ulikuwa unaianika kamba kila siku mgongoni mwangu bila mtu kuifanyia kazi. Upepo uliingia na kutoka. Turubai nalo lilizuia maji ya nje yasiingie, na maji ya kwenye kamba likayazuia yasitoke.

Wiki ya tano nilipofungua mkoba nikasikia harufu. Nikadhani ni mafuta. Wiki ya sita nikaona madoa meupe kwenye mkunjo wa chini, kama unga. Nikayafuta kwa jani. Yakafutika.

Nilitaka kumwambia kaka. Halafu nikaona atacheka, atasema mkoba wa wajukuu umeota uyoga. Nikaufunga mkoba.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua zuri. Tulikuwa tunatundika mzinga wa mwisho kabla ya kurudi nyumbani. Kaka alifunga kamba kiunoni, akaivuta mara mbili kama alivyozoea, akaniuliza, "Kamba iko sawa?"

Nikajibu, "Iko sawa."

Alipanda hadi karibu na tawi. Akaegemea nyuma ili auvute mzinga juu kwa ugwe. Mimi chini nilikuwa nimekaza mikono, na ghafla nikaona sina uzito wowote ninaoushika. Kamba ilinirudia usoni.

Sitaandika alivyoanguka.

Wasumbwa wawili, warina wa kambi ya jirani, walikuja, tukatengeneza machela kwa miti na blanketi. Tulitembea siku ile na siku ya pili kuitafuta barabara, labda tupate lori. Kaka alikuwa hasikii miguu. Akili zake zilikuwa timamu. Asubuhi ya siku ya pili alinishika mkono, akasema, "Baba Shija amenisukia kamba mbovu. Mzee yule. Sikutegemea."

Mkoba ulikuwa begani mwangu. Kile kipande cha kamba kilikuwa ndani yake, nilikuwa nimeshakitazama. Nje kilikuwa cheusi na laini kama kipya. Ndani, pale kilipokatika, kilikuwa kimeoza, ukikibonyeza kinatoa maji.

Ningeweza kumwambia. Alikuwa ananitazama. Nikasema, "Usiseme sana kaka, utachoka."

Alifariki kabla ya saa sita. Tulimzika katika kijiji kilichokuwa karibu, watu wasiotujua wakatusaidia, Mungu awalipe.

Nilirudi Samuye peke yangu. Shemeji yangu, Mama Limi, hakulia kwanza. Aliniuliza, "Alisema nini?"

Wakubwa zangu, hapa ndipo penye kosa langu kubwa kuliko mkoba. Sikusema uongo. Nilimwambia maneno ya kaka kama alivyoyasema, kwamba Baba Shija alimsukia kamba mbovu, kisha nikanyamaza hapo hapo. Neno la marehemu nani atalibishia?

Kwenye matanga Baba Shija alikuja na mbuzi. Mama Limi alisimama mlangoni akamwambia, "Mzee, shikamoo. Mbuzi wako rudi naye." Mzee akaitikia marahaba, akageuka na mbuzi wake. Watu wote walitazama. Nami nilikuwepo, nimekaa karibu na ukuta.

Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea ngozi. Wengine waliokuwa na kamba zake walizitoa nyumbani wakafungia ndama. Mtoto wake mmoja alikataliwa posa, wakasema ukoo ule una mkono mbaya.

Nilikaa na jambo hili miezi minane. Kisha nikasikia mzee anataka kwenda machimboni kutafuta kibarua, mtu wa umri wake, akabebe mawe na vijana. Asubuhi hiyo nikauchukua mkoba, nikaenda kwake.

Nilimkuta amekaa nje, mikono mitupu. Nikamsalimu. Nikafungua mkoba nikamtolea kipande cha kamba nikamwekea magotini.

Alikigeuza. Akakinusa. Akachukua kisu akakipasua kwa urefu, akatazama ndani muda mrefu. Halafu akautazama mkoba, akaingiza mkono, akapapasa ule mpira.

"Ilikaa humu?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Siku ngapi?"

"Wiki saba."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akaweka kisu chini, akainua mikono yake miwili akaitazama, akasema taratibu, "Mimi nilidhani ni hivi vidole. Nilidhani vimezeeka na havikuniambia. Kila usiku nilikuwa naisuka tena ile kamba kichwani, natafuta nilipolegeza."

Ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Watu kumkataa lilikuwa jambo moja. Lakini mwenyewe pia alikuwa ameamini kwamba amemwua Masanja.

Siku ile ile nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa anapepeta mtama. Nilimweleza yote, sauti ikikatika. Hakuacha kupepeta mpaka nilipomaliza. Akauliza jambo moja tu: "Alipokuuliza kama kamba iko sawa, ulimjibu nini?"

Nikamwambia nilivyojibu.

Akaendelea kupepeta. Mpaka leo ananipa chakula, anakiweka mbele yangu, anaondoka. Limi, mtoto wa kaka, bado anakuja kukaa nami, ni mdogo, hajui. Sijui nitamwambia lini.

Niliyojifunza ni haya, na nayaandika kwa ajili ya vijana wenzangu wanaopanda miti, wawe warina asali au wakata magogo. Mkiwa mnachagua mkoba, msiangalie mkoba peke yake. Tazameni kwanza ni kitu gani kitalala ndani. Kamba ya ngozi inataka mfuko unaopitisha hewa, wa katani au wa kufumwa, hata ukichakaa upesi. Ukichanika utashonwa. Mkoba wa turubai na mpira wekeni unga na chumvi. Na kila jioni ikunjueni kamba yote, muipitishe mkononi pima kwa pima, hasa kwenye mikunjo. Mkiona doa jeupe, au mkisikia harufu, semeni. Hata kama mtachekwa.

La mwisho ni ombi, na ndilo lililonifanya niandike.

Nimekwenda kwa watu watatu wanne hapa Samuye kuwaeleza kwamba kosa halikuwa la mzee. Wananisikiliza, wanasema "Pole Luhende", wanadhani huzuni imenizidi. Sauti yangu haiwafikii. Lakini gazeti hili likifika, siku ya mnada husomwa kwa sauti na watu husimama kusikiliza. Nawaomba wanaolisoma walisome barua hii yote, na jina la Baba Shija walitaje wazi.

Machimboni mzee hakwenda. Lakini kusuka hajasuka. Nilimpelekea ngozi ya dume, nzuri, haina jeraha. Alinishukuru, "Wabeja," akaikunja akaiweka. Ipo pale pale.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama uko Kolandoto, au Kahama, au huko Geita kwenye machimbo, au popote, na nyumbani kwako una kamba iliyosukwa na Baba Shija wa Samuye, nakuomba uandike kwenye ukurasa huu. Huna haja ya kuandika mengi. Andika tu kamba yako inafanya kazi gani, na kwamba bado inashika.

Nitampelekea gazeti nimsomee mwenyewe, moja baada ya jingine. Nasoma polepole, lakini yeye hana haraka.

Mimi mdogo wenu,
Luhende, Samuye.