Mkaa Uliowaka Bila Kupulizwa

Abiria aliyeshuka basi la Ushirombo ndiye aliyeniambia, huku akitafuta mzigo wake, kwamba yule fundi wa baruti amefariki na ameshazikwa. Wasomaji wangu hawakumjua. Alikuwa mtu mkimya, sikio lake moja halisikii, aliyelipua miamba katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita hadi ulipofungwa. Tulikuwa majirani miaka kadhaa, na kuna jambo moja lake ambalo bado linanisumbua.

Mgodi uliacha shimo, na shimo likajaa maji. Yalikuwa safi kupita kiasi: hayana vyura, hayana viluwiluwi, hata mbu. Ukisimama pembeni jioni husikii kitu. Ukingoni palikuwa na ukoko mweupe ambao ng'ombe waliupenda, na wafugaji wakafurahi, kwa sababu huku kwetu ardhi nyeupe namna hiyo ni chumvi, na ng'ombe anayelamba chumvi hunenepa. Mwaka wa ukame, lambo la kijiji lilipobaki matope, watu wakaanza kunywesha mifugo yao pale shimoni. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na ng'ombe wachache ambao ndio waliowalisha wanawe. Mtamba wake akalamba ule ukoko, akanywa, akayumba, akaanguka. Walipomchinja, damu ilitoka na rangi ya kahawa. Watu walitazamana, kila mmoja akimwaza mlozi anayemshuku.

"Ni baruti," fundi akasema. "Dawa yake ilibaki kwenye mawe, sasa imo majini."

"Baruti hulia," mjane akamjibu. "Hii imelia wapi? Au mgodi umefungwa, unatafuta cha kulipua, umeona ng'ombe zangu?"

Watu wakacheka.

"Iliyolowa hailii, mayu," fundi akamwambia mama huyo. "Inaua kimya."

Akachukua vipande viwili vya mkaa mwepesi, wenye vitundu vingi. Kimoja alikilowesha kwa maji ya kisima, kingine kwa maji ya shimo, akavianika juani, akavilowesha tena, akavianika tena. Alinieleza kwamba dawa iliyomo majini ni kidogo mno, jicho haliioni wala ulimi hauionji. Lakini maji yakishakauka, dawa hubaki ndani ya vile vitundu, na kila ukilowesha inaongezeka. Kisha akatuita, akagusisha kila kipande kwenye kaa la moto. Cha kisima kilishika moto polepole kama mkaa wowote. Cha shimo kilifoka, kikatema cheche, wekundu ukakimbia ndani yake wenyewe, hakuna anayepuliza, hadi kikawa majivu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimbeba mtoto wake akaondoka.

"Moto huo ni wako, baba," mjane akasema. "Mimi nitajuaje?"

"Basi usiniamini. Chukua mkaa wa jikoni kwako, chota maji mwenyewe, anika uani kwako. Mimi sitakanyaga huko."

Akafanya hivyo. Siku aliyouwasha aliacha mlango wazi, nasi majirani tukasimama nje. Kwenye mafiga yake, mkononi mwake, mkaa ukafoka vilevile. Aliutazama mpaka ukaisha, kisha akawaambia wanawe wafungue zizi. Wakaswaga ng'ombe kuelekea upande wa Ushirombo kutafuta maji. Wawili walikufa njiani kwa kiu. Waliobaki walifika.

Wengine waliendelea na shimo. Ng'ombe wao walipoanza kuanguka hawakulilaumu. Walisema anayeweza kuwasha moto uliomo majini ndiye aliyeutia humo. Fundi alihama kabla hawajamfukuza, na sijui kama alirudi tena huko hata kwa msiba.

Migodi hufungwa, wenye migodi huondoka, lakini kazi yao huendelea chini kwa chini, mahali tusipopaona. Tutahitaji watu wengi wa kutuonyesha yasiyoonekana. Nimejiuliza mara nyingi fundi alikosea wapi, na jibu ninalolipata ni hili: ushahidi ukibaki mikononi mwa mtu mmoja, machoni mwa wenye hofu hautofautiani na uchawi. Kati ya wote tuliotazama mkaa wake ukiwaka, aliyeokoa ng'ombe ni yule mmoja aliyewasha wa kwake.