Nyayo Chini ya Karai

Juzi nilikaa kwenye kikao cha wazazi na wanafunzi, shule moja wilayani Hanang. Mkuu wa idara kutoka chuoni, mzee mwenye mvi, alikuja kuwashawishi vijana wasomee sayansi ya uchunguzi wa jinai. Akauliza, "Ng'ombe wakiibwa, mnaanza na nini?"

Mama mmoja mkulima akasimama. "Mimi nilifunika nyayo za mwizi kwa karai, nikakaa mlangoni mwa zizi. Hata mwenyekiti wa kijiji hakupita."

"Hakukasirika?"

"Alikasirika. Nikamwomba kiatu chake tulinganishe."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, aliandika. "Kupima nyayo tunafundisha," alisema. "Kumzuia mkubwa mlangoni, bado hatujui tufundisheje. Na kiatu kililingana?"

"Hajakivua mpaka leo."

Nikageuka kumtazama mwenyekiti huyo wa kijiji, aliyeketi pale meza kuu. Alikuwa amerudisha miguu chini ya kiti.