Gari Ambalo Halikutaka Kufa

Kiangazi kile, gari la baba lilipoanza kutoa moshi mweupe, mimi nilifurahi. Majirani walimpa pole. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba ni joint ya culasse imeungua, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya kichwa cha injini na tumbo lake, na kwamba kwa gari kuukuu namna ile hakuna haja ya kuhangaika. Nilimsikiliza jirani huyo kwa heshima ambayo sijawahi kumpa tena.

Shida yangu haikuwa gari. Ilikuwa macho ya baba. Alikuwa amestaafu ufundi wa mitambo mgodini, anaishi na mama mtaa wa Dilala, katika nyumba za zamani za kampuni, na kazi iliyombakia ni kumpeleka mama kanisani, sokoni na shambani. Hakuna aliyetuambia kwamba macho yake yanafifia. Niligundua mwenyewe, siku nilipoketi kiti cha nyuma.

Hapa niseme jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Magari mengi ya Kolwezi, mji wetu huku Kongo, hupitia Zambia, kwa hiyo usukani uko kulia, na barabarani sisi pia tunaendesha kulia. Dereva anakuwa pembeni kabisa, karibu na mtaro, haoni kinachokuja mbele ya lori analolifuata. Anayeona ni abiria wake. Ndiyo maana kwetu anayeketi mbele ana kazi: anachungulia, anasema pita, anasema ngoja, na hakuna anayeshangaa. Mama alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu tukiwa wadogo. Siku ile nikasikia imekua. Alisema watoto wanavuka. Alisema mwenye mkokoteni wa matofali hajasogea. Alisema kuna shimo, halafu akasema liko upande wake baba. Baba alikuwa anapunguza mwendo kwa maneno ya mama, si kwa anachokiona.

Tulipokaribia soko mama alipaliwa na vumbi akakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa kirefu, lakini kilitosha baba kumgonga motard, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyebeba wachimbaji wawili na magunia yao. Waliinuka wakijikung'uta na kututukana vizuri sana, nikajua ni wazima. Baba alisema motard wa siku hizi hawaangalii. Mama alikubaliana naye.

Nilipowasimulia, ndugu zangu walioko mbali wakapiga simu, mmoja baada ya mwingine, wakaamua kwamba mimi niliye karibu ndiye wa kumwambia aache kuendesha kabla hajaua mtu. Kuamua ukiwa mbali ni rahisi. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba jambo limemshinda; anatafutwa shangazi. Shangazi alipotafutwa alisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yetu. Basi moshi ulipotokea nikaona nimepona. Gari litakufa lenyewe, baba ataliomboleza kama watu wanavyoomboleza vyuma, na hakuna atakayelazimika kutamka neno. Nilikuwa namwogopa baba. Nilimpenda pia, na sikutaka niwe mtu aliyemnyang'anya barabara.

Jumamosi moja asubuhi baba alinitumia mtu: nije nimsaidie kulitazama gari. Ilikuwa baridi. Walio mbali hudhani kwetu ni joto mwaka mzima, lakini katikati ya kiangazi tunaamka na makoti, na pumzi inaonekana mdomoni. Nilimkuta ameshafungua boneti na kukunja mikono ya sweta. Sikumwuliza kwa nini ameniita mimi badala ya fundi. Nilidhani ni kiburi cha ufundi wake wa zamani.

Alianza na radieta, kabla ya kuwasha. Aliingiza kidole, akasema maji yako pale pale alipoyaacha jana. Injini inayokunywa maji huyapunguza. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Alikinusa, akasugua mafuta kati ya vidole viwili, halafu akanisogezea.

"Mama, iko na rangi gani?"

Mama ni mimi; ndivyo akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nilimwambia ni meusi kidogo, kama mafuta yoyote yaliyotumika. Akauliza kama hayafanani na kahawa ya maziwa, maana maji yakiingia kwenye mafuta, rangi huwa hiyo. Nikasema hapana. Aliniambia nifute kijiti nitazame tena, nikatazama tena, ni yale yale. Jua lilikuwa limekwisha kutoka, na kijiti kilikuwa mbele ya pua yake.

Akawasha. Moshi ukaja mweupe, mwingi, ukajaa uani mpaka mama akafunga dirisha la jikoni. Moyo wangu ulichangamka. Baba alisimama nyuma ya gari akiunusa, akaniagiza nishike kipande cha katoni mbele ya bomba na nimwambie kinachobaki juu yake. Vilibaki vitone vya maji safi, bila mafuta. Akaniagiza nichungulie radieta iliyo wazi kama kuna mapovu yanayopanda bila kukoma, kwa kuwa culasse ikiungua hewa ya moto hupenya ndani ya maji. Nilichungulia kwa muda, nikitamani mapovu kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote cha gari. Maji yalizunguka kwa utulivu.

Wakati huo mkono wake ulikuwa juu ya mpira mkubwa wa juu wa radieta. Aliubonyeza, ukawa laini. Akaendelea kuushika, na uso wake ukabadilika. Mpira ule, alinieleza, ulipaswa kubaki baridi kwanza, halafu upate moto ghafla. Huu ulikuwa unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo.

"Ni mi nilitosha calorstat," alisema.

Calorstat ni kidude kinachoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Mafundi wa huku hukitoa siku gari linapofika, kwa imani kwamba nchi yetu haina baridi na kwamba kidude hicho kazi yake ni kuchemsha injini za watu. Baba alikitoa na kukitupa kwa imani hiyo hiyo. Sasa injini ilichelewa kupata moto, na baridi ya kiangazi kile ilikuwa kali kuliko kawaida, hivyo mvuke ambao kwa kawaida huisha bomba likikauka ulikuwa unaendelea mpaka barabarani. Ulikuwa mvuke tu. Gari lilikuwa zima.

Alizima injini. Moshi ulitawanyika, na kweli hapakuwa na harufu yoyote. Niliona wazi kwamba nikitoka pale bila kusema, kesho atampakia mama waende kanisani, na siku moja mama atakohoa tena.

"Tata," nilisema, "macho yako haione tena muzuri. Wachia motoka."

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole baada ya kidole. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata viatu sikuwa nimevivua.

"Mi nayua, mama," alisema. "Nilikuwa nangoya motoka ikufwe kwanza."

Nililia pale pale, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kiangazi chote tulikuwa tunaliombea gari moja lifariki, yeye nyumbani kwake na mimi nyumbani kwangu.