Sitaha ya Meli Isiyoelea

Soko huria lilipofika kwetu Kalemela, karakana ya mitumbwi ya ushirika, nilikofanya kazi tangu ujana wangu, ilifungwa kufuli. Mafundi wenzangu wakatawanyika kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Mdogo wangu naye alikwenda, shimo likamfukia, tukaletewa nguo zake tu. Tangu siku ile mke wangu hakutaka kusikia habari za machimbo. Mimi nami, nisijitie ushujaa, niliyaogopa kuliko mamba.

Ndipo akanijia mfanyabiashara mmoja wa Nyashimo, aliyekuwa akijenga hoteli kando ya barabara kuu. Alikuja na picha ya meli ya ziwani, akataka nimtengenezee ndogo ya mfano wake, ya kuweka mapokezi.

"Fundi, nikiipenda hii," akasema, "tutazungumza habari ya milango na vitanda."

Hoteli nzima! Kazi ya mwaka, pengine na zaidi, na jioni nalala kwangu. Tangu hapo sikula nikashiba.

Umbo la meli halikunisumbua. Sitaha, ile sakafu ya juu, ndiyo iliyonitoa jasho. Nilichana mvule vibao vyembamba, upana wa ukucha, nikaviloweka ili vipindike vizuri, nikavipanga kuanzia katikati kwenda pembeni kwa gundi na misumari midogo kama sindano. Nilipomaliza, hata unywele usingepita kati yake. Nikamwita mke wangu aje aone, nikiringa kama jogoo.

Hazikupita siku nyingi. Chini ya bati, katika kiangazi kile, vibao vilikauka, vikasinyaa, sitaha nzima ikaachia nyufa. Mikono yangu ilikuwa imejenga mtumbwi! Sisi mbao tunazipigilia zikiwa na maji, maana ziwa lenyewe litazivimbisha zibanane. Sasa meli ya mapokezi nani angeitia majini?

Badala ya kutulia, nikarudia yale yale ya mitumbwi. Nikachukua pamba ya shambani kwetu, nikaisokota, nikaishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu. Vibao vile vyembamba vikainuka, sitaha ikatuna kama tumbo la ndama mgonjwa. Nikatupa patasi. Nikawafokea hata kuku.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "mbegu tunazikaushia wapi?"

"Jikoni, juu ya moshi."

"Basi."

Nikang'oa vibao vyote, nikachana vingine, mke wangu akavipanga mwenyewe kwenye dari la jikoni pamoja na mahindi ya mbegu. Kungoja kukanitesa kuliko kazi. Kila niliposikia mngurumo wa gari moyo ulinipasuka: huyo, amekuja, na meli haina sitaha! Nilikwenda kuvigusa vile vibao mara kwa mara hadi mke wangu akanifukuza jikoni kwake.

Vilipokauka kabisa nilivipanga upya, safari hii bila tone la maji. Kati ya kibao na kibao nikapitisha gundi iliyochanganywa na masizi, ionekane kama lami ya meli ya kweli. Nikalainisha kwa majani ya msasa, yale wanawake wanayosugulia vibuyu, maana karatasi ya msasa ya dukani ilichuna mbao. Siku ya kupaka vanishi nilifunga dirisha kwa hofu ya vumbi, nikawakataza watoto kukimbia uani. Vanishi ikatulia.

Mwenye hoteli akafika asubuhi.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, bosi."

Akapitisha kiganja juu ya sitaha, taratibu, kutoka tezi ya nyuma hadi omo ya mbele. Kisha akacheka kwa furaha.

"Hii ni meli kabisa!"

Hakutaka nimbebee. Aliipakata mwenyewe hadi kwenye gari, mimi nyuma yake.

"Na milango, bosi? Nianze kutafuta mbao?"

"Milango? Aa, fundi, inakuja na kontena kutoka ng'ambo, imeshapakwa rangi. Vitanda pia. Siku hizi kila kitu kinaingia."

Alisema bila ubaya wowote. Akaniomba nimshikie mlango wa gari wakati anailaza meli kwenye kiti cha nyuma. Nikamshikia.

Gari lilipoondoka, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maziwa ya mgeni. Alikuwa amesikia. Aliyatazama yale maziwa, akanipa mimi.

"Kunywa," akasema. Halafu akaniuliza, "Unaondoka lini kwenda machimboni?"