Pasipoti Sita Katika Mkoba Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, Directeur wa ajensi yetu hapa Goma alinikabidhi mkoba wa ngozi wenye kufuli ndogo, akaniambia niuvae palepale mbele yake. Nilikuwa nimetoka kuwa karani wa forodha, nikizijua fomu kuliko nilivyowajua watu. Sasa nilikuwa shefu wa kundi, yaani mtu anayewasindikiza wafanyabiashara wanaokwenda kununua bidhaa ng'ambo. Anawaombea viza, anawatafutia hoteli, anawasemea mbele ya maofisa, kisha anawarudisha nyumbani.

"Papa Anselme," Directeur alisema, "pasipoti ya kila mutu inakaa kwako, toka aéroport mpaka siku ya kurudia. Mama akibeba yake atasahau mu taksi, atasahau mu duka. Mutu akipoteza pasipoti kule, wewe umepoteza mutu."

Sikuona ubaya wowote. Ajensi zote nilizozijua zilifanya hivyo, na wasafiri wenyewe walitaka hivyo. Kila mama msafiri alikuwa ananipa pasipoti yake kwa mikono miwili kabla hata hajawaaga watoto, nami naifungia. Niseme ukweli, nilipenda sana kuwa mwenye mkoba.

Nilianza na safari za Kampala kwa barabara, nikapandishwa kwenda Dubai. Directeur alipoondoka akaja Madame Gérante, meneja mpya, ndiye aliyenituma Guangzhou, kusini mwa China. Yeye alipenda karatasi. Kila safari ilikuwa na manifeste, orodha ya majina ya kundi, na shefu alipaswa kuhesabu vichwa mara tatu: mkitoka mahali, mkifika, na kabla ya kula. Ninyi mnaofanya kazi hii leo kwa simu mnaweza kucheka. Mimi nilihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti, hadi wapita njia wananishangaa.

Safari ninayotaka kuwasimulia ilikuwa ya mama watano. Mizigo yao ilikuwa imeshafungwa kwenye kontena, ikabaki siku moja tu kabla ya ndege. Wakasema hawawezi kurudi Goma na kusimulia maghala tu. Walitaka kuuona mji, na kuuona kama wenyeji wanavyouona, kwa basi na treni. Nilikubali shingo upande. Mji ule una watu wengi kupita kiasi, na askari wake huomba pasipoti barabarani.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Basi lilituvusha daraja, tukapanda kivuko cha mtoni, tukasimama chini ya mnara mrefu ambao wageni wote huupiga picha. Mama Kahindo, mwuza vitenge wa mtaa wa Majengo hapa Goma, mzaliwa wa Butembo, aliinua kichwa mpaka kilemba kikaanguka.

"Iko murefu, lakini haina hata moshi," alisema. "Volkano yetu Nyiragongo inaishinda."

Tulicheka sana. Nikahesabu vichwa, tukashuka chini ya ardhi kupanda metro.

Kituo kile kilikuwa na njia mbili zinazokutana, na umati ulitusukuma kutoka kila upande. Treni ilipofunguka, Mama Kahindo aliingia wa kwanza kama anavyoingia sokoni, kwa kiwiko. Sisi wengine tulizuiwa na waliokuwa wanashuka. Milango ikajifunga. Niliuona uso wake nyuma ya kioo, mdomo wazi, mkono mmoja kifuani, halafu treni ikaondoka naye.

Simu yake ilifanya kazi hotelini tu, kwenye Wi-Fi. Hakujua neno la Kichina, wala jina la hoteli. Na pasipoti yake ilikuwa begani kwangu.

Tulikwenda kituo kilichofuata, hayupo. Tukarudi tulikoachana, hayupo. Saa mbili nzima tulipanda na kushuka, nami kila nikiona sare ya askari nageuza uso. Mama Furaha, mkubwa wa kundi, mtu wa upande wa Bukavu, aliliona hilo.

"Papa Anselme, twende tuambie police."

"Tungoje kidogo, mama."

"Tungoje nini? Kesho kuko ndege. Wakimukuta hana karatasi batamufunga. Watoto yake tutawaambia nini?"

Akanishika mkono. "Uko unaogopea nani, papa? Yeye ao wewe?"

Hapo nilishindwa kudanganya. Nilimwambia kwamba mwanaume mgeni anayekutwa na pasipoti za wanawake watano ndani ya mkoba wenye kufuli, huku mmoja wao amepotea, ataonekana mwuza watu. Nilikuwa najiona tayari gerezani. Ndiyo sababu nilikuwa nimeacha mama wa watu azunguke peke yake kwa saa mbili. Aibu ile ninayo hadi leo.

Mama Furaha hakunitukana. Alinyoosha mkono. "Fungua. Kila mutu abebe yake."

Nilifungua palepale, katikati ya umati. Wakachukua wanne, nikabaki na yangu na ya Mama Kahindo. Halafu Mama Furaha akasema jambo ambalo mimi, kwa woga, sikuweza kulifikiria.

"Tuko tunamutafuta nyuma. Kahindo amekimbia vita mara ngapi? Kwetu ukipotezana na batu mu njia, haurudie nyuma. Unaendelea mpaka kwenye njia inaisha, unawangojea kule. Volkano, vita, njo vile tunafanyaka."

Tukapanda treni ya njia ile ile hadi kituo cha mwisho. Vituo vilikuwa vingi, nami nilisali katika kila kimoja. Tulipotoka nilimwona, ameketi kwenye benchi, mgongo umenyooka, na askari wawili wamesimama mbele yake.

Nilitamani kugeuka. Badala yake nilikwenda moja kwa moja, nikaonyesha pasipoti yake. Askari mmoja aliilinganisha na uso wake, halafu akaunyooshea kidole mkoba wangu. Niliufungua. Ndani mlikuwa na pasipoti yangu, manifeste na kalamu. Akawageukia mama wanne, nao kila mmoja akatoa ya kwake. Aliziangalia zote polepole, akazirudisha, wakaondoka. Ningefika na zote sita mkobani, sijui ningesema nini.

Nilitaka kumwomba Mama Kahindo msamaha, lakini alinitangulia.

"Ileta," alisema, mkono wazi. "Hiyo iko yangu."

Aliitia kifuani, wala hakunipa tena. Kwenye uwanja wa ndege nilimwacha apite peke yake mbele ya ofisa, nikabaki nyuma. Alipita vizuri.

Nilipotoa ripoti, Madame Gérante alikasirika kwamba nimevunja utaratibu. Nilifanya safari chache tena, kila mtu na karatasi zake, kisha nikapumzika kwa uzee. Nilidhani nimejifunza.

Lakini kuna siku, tayari mstaafu, nilikwenda kumwona rafiki kule Majengo, risasi zikaanza na njia zikafungwa. Nilifika kwangu, mtaa wa Keshero, alasiri, nimepita vichochoro, nina hakika mke wangu na binti zetu wamekwisha kukimbia na jirani zetu wote. Niliwakuta sebuleni. Vifurushi vimefungwa, viatu miguuni, wamelizunguka sanduku la chuma ninamoweka kadi zao za utambulisho, vyeti vyao na pasipoti zao. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi.

"Kwa nini hamukuenda?" nilipiga kelele.

"Tungepita barrière ya askari na nini?" mke wangu aliuliza.

Nilipiga magoti nikafungua. Nikamgawia kila mmoja za kwake. Mke wangu alizishika zake muda mrefu bila kuzifungua.

"Funguo hii," nilimwambia, "kwa nini haukuniomba hata siku moja?"

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Vita?"

"Hapana, papa. Wewe."