Herufi Nene za Mlango wa Wazazi

Jua limeshaushika ukuta wa zahanati. Mchora mabango amesimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, kichwa ameinamisha upande. Haridhiki.

Ukutani pameandikwa kwa buluu nzito: MLANGO WA WAZAZI. Herufi ni nene, zimenyooka, hazina mkia wala kikunjo. A ni pembetatu. O ni duara kamili, lililochorwa kwa mfuniko wa sufuria.

"O imenywea," anasema. "Jana nilikuwa na haraka, nikaibana ndani ya mistari kama herufi nyingine. Duara lisipochungulia kidogo juu na chini, linaonekana dogo."

Watu humwita Bibi Nene kwa sababu ya herufi hizo, maana yeye mwenyewe ni mwembamba kama mpini wa brashi.

"Bibi Nene, wewe!" muuguzi mkuu anaita kutoka barazani. "Mlango wa zamani unafungwa leo mchana, wajawazito waanze kupitia huu, bado unagombana na duara?"

"Niache, dada. Jicho litajikwaa hapo hapo."

Zahanati hii ina historia, na waliosahau wasitulazimishe na sisi tusahau. Miaka tisa iliyopita, wakubwa walitaka maandishi ya kupendeza. Yakaandikwa ya dhahabu juu ya ule mlango wa zamani, mikia imesukana kama kwenye kadi ya harusi. Siku ya ufunguzi makofi yalipigwa. Kesho yake wajawazito wakawa wanalizunguka jengo wakitafuta pa kuingilia.

Mmoja wao alikuwa Bibi Nene. Kitinda mimba wake alizaliwa kwenye baraza la duka la jirani.

"Nilipita mbele ya mlango mara mbili," anasema. "Uchungu umenishika, nisome nini kwenye mapambo yale?"

Hakuna aliyemwomba radhi. Yeye akaacha kabisa kuchora mikunjo.

Hata hivyo, hadai kwamba unene unafaa kila mahali. Habari ndefu ikiandikwa hivyo inachosha macho, na tundu la A likizibwa na rangi, herufi inageuka doa. "Hizi ni za kuita mtu kwa mbali," anasema. "Sio za kumsimulia."

Anapanda ngazi, anaisukuma O nje ya mistari kwa unene wa kidole, juu na chini. Anavuka tena barabara hadi alipoketi mama mkwe wake mwenye macho hafifu.

"Mama, pale pameandikwa nini?"

"Mlango wa wazazi. Na usinipigie kelele, mabovu ni macho, sio masikio!"

Bibi Nene anacheka mpaka anashika mbavu. Kabla hajamaliza, mjamzito anashuka kwenye pikipiki, anainua macho mara moja, anaingia. Hakumuuliza mtu.

Sasa ameomba aandike na ndani. "Naanza na chanjo, halafu maabara," anasema huku akisuuza brashi. "Halafu choo. Mtu mzima amebanwa, kwa nini atangazie korido nzima?"